Safari 156 au safari 14? Kisa cha ufa kwenye chesisi ya tela, Mbeya

Majina, namba za gari na jina la gereji nimeviondoa, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane. Namba za hesabu ni zilezile. Hesabu ya kwanza, ya safari ngapi tela lenye ufa lingekwenda kabla halijakatika, niliipiga mimi na ilikuwa mbovu, kwa hiyo nitaiweka yote hapa wazi ili mwenzangu anayefanya kazi hizi aone ni wapi ilipopindia, maana vitabuni unakutana na hesabu iliyokamilika tayari, hukutani na ile iliyotaka kumwangusha mtu kwenye mlima wa Kitonga.

Tela lenyewe

Ni tela la eksel tatu, bodi bapa, mali ya mzee mmoja mwenye magari mawili tu, sio kampuni kubwa. Linapandisha mbolea na saruji kutoka Dar mpaka Mbeya, kama kilomita 830 hivi, na kushuka mara nyingi linashuka tupu. Kwa mwezi linakwenda safari mbili. Dereva ni yuleyule miaka yote, na utingo ni kijana wa Rungwe, mwepesi sana wa kuona vitu, na huyu ndiye aliyeokoa kila kitu kwenye kisa hiki.

Chesisi ya tela ni mihimili miwili mirefu, kila mmoja una bamba la juu, bamba la chini, na bamba la kusimama katikati. Ukipakia tani 30 mhimili unataka kupinda kama ubao ulioegeshwa kwenye matofali mawili, juu unabanwa, chini unavutwa. Kwa hiyo bamba la chini, ambalo hapa lina upana wa mm 150 na unene wa mm 16, linaishi maisha yake yote likivutwa, na ufa unapenda sana mahali panapovutwa.

Sasa, miaka ya nyuma kuna mtu alichomelea kibati kwenye ukingo wa bamba hilo la chini, cha kuning'inizia dumu la maji la lita 20. Dumu lenyewe kila mtu wa barabara hii anajua kazi yake, injini ikichemka mlimani hakuna wa kukuletea maji. Dumu likijaa ni kilo 20, mbele ya tani 30 sio kitu. Uzito wake haukuwahi kuwa tatizo. Tatizo ni ile weldi, kwa sababu pembeni ya kila weldi kuna kingo kali na vijipengo vidogo ambavyo macho hayavioni, na chuma kikishapoa baada ya kuchomelewa kinabaki kimejivuta chenyewe kwa ndani hata kabla hujapakia mfuko mmoja. Yaani aliyefunga dumu alipanda mbegu ya ufa mahali pabaya kuliko pote kwenye tela, na alikuwa anasaidia tu.

Siku ulipoonekana

Utingo alikuwa anaosha gari jioni, tela limeshashushwa mzigo. Akaona mstari mwembamba wa kutu, rangi ya chai ya rangi iliyomwagika, unatoka mwisho wa weldi ya kibati na kuingia ndani ya bamba. Alipousugua kwa kitambaa ukarudi, maji yalikuwa yanatoka humo ndani. Akaniita, "Kaka injinia, hebu njoo, hapa pamechanika au ni rangi tu?"

Nikapima kwa futi ya chuma, mm 12 kutoka ukingoni. Dawa ya kupenya, ile nyekundu inayopulizwa kisha inafuatiwa na nyeupe ili ufa ujitokeze, haikuwepo gereji siku hiyo. Mjini ilikuwepo. Sikwenda, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na nilijiambia ufa nauona kwa macho, wa nini tena dawa. Kumbuka hiyo mm 12.

Fundi wa kuchomelea alikuwa na jibu lake palepale: tunatoboa tundu mwisho wa ufa, tunajaza weldi, tunapiga kiraka cha bamba juu yake, kesho gari linaondoka. Ni njia ambayo wengi wanaitumia na mimi niliikataa, sababu nitazisema mbele. Mzee tajiri akapiga simu, na swali lake lilikuwa moja. "Mwanangu, niambie ukweli, linavuka Desemba?" Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, wakulima wanasubiri mvua, na mbolea ndiyo inatembea. Kulilaza tela wiki nzima kipindi hicho kwake ilikuwa ni kama kuambiwa alaze duka.

Nikasema nipe usiku mmoja nipige hesabu.

Hesabu ya kwanza

Kwa asiyezoea, wazo lenyewe liko hivi. Chuma kinaweza kubeba mzigo mkubwa mara moja bila shida, lakini mzigo mdogo ukipanda na kushuka mara laki kadhaa ufa unatambaa kidogokidogo. Huo ndio uchovu wa chuma. Kupanda na kushuka mara moja tunakuita mzunguko mmoja. Mwaka 1963 Paul Paris na Fazil Erdogan (Paris hapa ni jina la mtu, sio mji) walionyesha kuwa mwendo wa ufa kwa kila mzunguko unafuata kanuni hii:

da/dN = C × (ΔK)^m

na ΔK, ambayo inakuambia jinsi ncha ya ufa inavyovutwa kwa ukali, kwa ufa unaoanzia ukingoni ni:

ΔK = 1.12 × Δσ × √(π × a)

ambapo a ni urefu wa ufa kwa mita na Δσ ni tofauti kati ya mkazo (nguvu inayovuta kila kipande cha eneo la chuma, kwa megapaskali, MPa) wa juu na wa chini katika mzunguko mmoja. C na m ni tabia za chuma. Kwa vyuma vya kawaida vya ujenzi m ni 3, na namba ya C inayotumika sana ni 6.9 × 10⁻¹², ukiingiza ΔK kwa MPa√m unapata mita kwa kila mzunguko.

Mkazo nilikuwa nao tayari, kwa bahati. Miezi miwili nyuma dereva alilalamikia springi, tukafunga simu ya zamani kwenye chesisi kwa raba ya tairi ikiwa na programu ya kurekodi mtikisiko, ikasafiri nayo toka Dar hadi Mbeya. Tela likiwa na mzigo limesimama, mkazo kwenye bamba la chini kwa hesabu ya mhimili ni MPa 110 hivi. Mtikisiko ukiongeza au kupunguza uzito kwa asilimia 45, kama inavyotokea ukipiga tuta vibaya au ukiangukia shimo, mkazo unacheza kati ya 60 na 160, yaani Δσ ni 100. Mizunguko mikubwa ya namna hiyo nilihesabu kama 1,200 kwa safari. Halafu kuna ile mitetemo midogo isiyoisha, tela linavyoyumbayumba hata kwenye lami nzuri, kama mizunguko 180 kwa kilomita, jumla 150,000 kwa safari, ila Δσ yake ni 25 tu. Kuipanga mitikisiko kwa makundi nilitumia njia ya Wajapani Matsuishi na Endo ya mwaka 1968, ile inayofananisha rekodi na mvua inavyotiririka kwenye mapaa, na programu za bure za kufanya hivyo zipo nyingi.

Nikaangalia mitetemo midogo kwanza. ΔK = 1.12 × 25 × √(π × 0.012) = 5.4. Kumbukumbu yangu ya chuo ikasema chuma laini kina kizingiti cha kama 6, chini ya hapo ufa hausogei. 5.4 iko chini ya 6. Nikaifuta yote 150,000 kwa mstari mmoja wa kalamu.

Nikabaki na mikubwa 1,200. Kwa m = 3 hesabu ya kujumlisha kutoka ufa wa mwanzo hadi wa mwisho inatoka safi:

Safari = 2 ÷ [C × 1.12³ × π^1.5 × Σ(n × Δσ³)] × (1/√a₀ − 1/√a_f)

Hapo n ni idadi ya mizunguko ya kila kundi kwa safari, a₀ ni ufa wa mwanzo na a_f ni wa mwisho. Ufa wa mwisho niliweka mm 60, karibu na bamba la kusimama. Σ ni 1,200 × 100³ = 1.2 × 10⁹. Sehemu ya kwanza inatoka 30.9, mabano yanatoka 9.13 − 4.08 = 5.05. Jibu: safari 156.

Nikagawa kwa 3 kwa usalama, 52. Safari mbili kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili na kitu. Asubuhi nikampigia mzee nikamwambia Desemba linavuka, tutalitengeneza Januari kazi ikipoa. Alifurahi kweli.

Uamuzi, na sharti moja

Niliruhusu liendelee, lakini niliweka sharti ambalo siku ile hata sikulipa uzito. Nilichukua senta panchi, kile chuma chenye ncha kali cha kuwekea alama, nikapiga nukta pale mstari wa kutu unapoishia, nikamwambia utingo, kila ukirudi Mbeya osha hapo, weka futi pembeni, piga picha, nitumie kabla hujalala. Kwa hesabu yangu ufa ulitakiwa kutembea mm 0.085 kwa safari, yaani picha kumi zingefuatana bila tofauti yoyote ya kuonekana.

Tukakubaliana na fundi asitoboe wala asiguse weldi.

Picha ya tatu

Picha ya kwanza sikuona kitu cha ajabu, kulikuwa na tope. Ya pili mstari ulionekana umevuka nukta kidogo nikasema ni kivuli. Ya tatu, mwanzoni mwa Desemba, ilikuja saa nne usiku na ujumbe: "Kaka shkamoo, mbona umepita nukta?" Nikakuza picha. Futi ilikuwa imelala vizuri kabisa pembeni ya nukta, na mstari umeivuka kwa mm 5.

Mm 5 kwa safari tatu. Mimi nilisema 0.085 kwa safari. Hapo hakuna kubishana na picha.

Asubuhi tela lilikuwa linatakiwa kugeuza Dar. Nikalizuia. Tukakwangua rangi yote eneo lile kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, tukapuliza dawa nyekundu, tukasubiri dakika kumi na tano, tukafuta, tukapuliza nyeupe. Ule mstari mwekundu ulijichora taratibu mbele ya macho yetu, ukapita nukta, ukapita mwisho wa kutu, ukaendelea. Mm 23. Upande wa pili wa kibati hichohicho kulikuwa na mwingine wa mm 6 ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Yaani rangi ilikuwa inaficha. Rangi ya tela ni nene na inavutika, ufa unatangulia chini yake na rangi inapasuka baadaye. Nikirudisha nyuma safari tatu kwa hesabu ya pili, inayofuata hapa chini, ufa siku ile ya kwanza haukuwa mm 12, ulikuwa mm 19.

Hesabu ya pili

Nikakaa chini upya, safari hii na kiwango cha Uingereza, BS 7910, kinachohusu vyuma vyenye ufa na hasa vilivyochomelewa. Kwenye weldi kinatoa C = 5.21 × 10⁻¹³ na kizingiti cha 63, lakini kwa vipimo vya newtoni na milimita. Hapa tafadhali sana simama kidogo. MPa√m 1 ni sawa na 31.6 ya vipimo hivyo, na ukiipandisha kwa kipeo cha 3 ni kama 31,600, kwa hiyo C inakuwa 1.65 × 10⁻⁸ mm, yaani 1.65 × 10⁻¹¹ mita kwa mzunguko. Mtu akiichukua 5.21 × 10⁻¹³ akaipachika moja kwa moja kwenye kanuni ya MPa na mita, atapata ufa unaotembea mara 32 polepole kuliko kweli na kila kitu kwenye karatasi kitaonekana kizuri. Nimewaona watu wakifanya hivyo, tena wenye vyeti vyao.

Na kile kizingiti cha 63 ukikibadilisha ni MPa√m 2. Sio 6. Sababu ni mbili na zote zilikuwepo mbele yangu. Kwanza weldi imejivuta kwa ndani, kwa hiyo ufa unakaa wazi muda wote. Pili, tela lenye mzigo mkazo wake haushuki hadi sifuri, unacheza kati ya 97 na 122 kwenye mitetemo midogo, ncha ya ufa haipati nafasi ya kufunga na kupumzika. Ile 6 niliyoikumbuka chuo ni ya chuma kisichochomelewa ambacho mzigo wake unarudi sifuri kila mara. Ni namba ya kweli, ila sio ya tela hili.

Kwa hiyo mizunguko 150,000 inarudi mezani:

150,000 × 25³ = 2.34 × 10⁹
1,200 × 100³ = 1.2 × 10⁹

Angalia hapo vizuri. Mitetemo midogo niliyoifuta kwa kalamu ilikuwa inafanya madhara karibu mara mbili ya matuta na mashimo yote ya barabara. Jumla 3.54 × 10⁹. Kwa ufa wa mm 19 mabano ni 3.17, na jibu linatoka safari 14. Nikajaribu kuangalia kama inafanana na hali halisi: ndani ya safari tatu ufa unatakiwa utoke mm 19 ufike 23.2. Hiyo ni kutembea mm 4.2, na picha zilionyesha mm 5. Sijawahi kufurahia na kuogopa kwa wakati mmoja namna hiyo.

Kutoka hapo, yaani kutoka mm 23, zilikuwa zimebaki safari 11 kwa karatasi.

Mabishano

Mzee alikuja mwenyewe gereji. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye tairi. Hakupiga kelele, alikuwa na hoja. "Mwanangu ulisema mia na hamsini, sasa unasema kumi na moja. Sawa. Mimi naomba moja tu, mzigo wa watu upo bandarini." Na kwa hesabu safari moja kati ya kumi na moja sio nyingi, hilo lazima nikiri, alikuwa amenielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Nilimpa sababu mbili za kukataa.

Ya kwanza ni upakiaji. Dereva alinieleza kuwa ili eksel za nyuma zisizidi kwenye mizani ya Wenda na Makambako wanasogeza mifuko katikati ya tela. Mizani inapima eksel na jumla, na jumla ikiwa ndani ya kikomo unapita, lakini mzigo ukirundikwa katikati mhimili unapinda zaidi hata kama uzito ni uleule. Nilikadiria mkazo unapanda asilimia 15. Kwa kuwa mkazo unapandishwa kwa kipeo cha 3, asilimia 15 inakula theluthi ya maisha: safari 11 zinakuwa 7.

Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Ile mm 60 ya mwisho niliichagua kwa sababu ya umbo la mhimili tu, sikuwa na cheti cha chuma kile. Ufa unapofika urefu fulani chuma hakisubiri tena mizunguko, kinakatika mara moja, na urefu huo unategemea ukinzani wa chuma dhidi ya kupasuka. Tuseme ukinzani wake ni MPa√m 50. Mkazo wa juu ni 160. Ukitafuta a kwenye 1.12 × 160 × √(πa) = 50 unapata mm 25. Sisi tulikuwa na 23. Bamba la mm 16 kwa kawaida hustahimili zaidi ya hapo, ni kweli, lakini vyuma vya namna hii ukinzani wao unashuka kwenye baridi, na alfajiri ya Makambako kila dereva anaijua.

Nikamwambia mzee, sikuambii litakatika safari hii, nakuambia sina namba ya kukuonyesha kuwa halitakatika, na nyuma ya tela Kitonga kuna basi. Alinyamaza muda. Akauliza kutengeneza ni siku ngapi. Nikasema nne. Akampigia mwenye mzigo.

Tulivyotengeneza

Nilikataa kiraka cha juujuu kwa sababu kiraka chenye mwisho wa mraba kinaleta weldi mpya inayokata bamba kwa upana, hiyo ni mbegu nyingine mbili, na ufa wa zamani unabaki chini yake hauonekani tena. Tundu la mwisho wa ufa linasaidia kwa muda, ila ukilitoboa kwa kufuata ufa unaoonekana kwa macho, tungetoboa mm 12 wakati ncha iko 19, tundu lingekuwa katikati ya ufa halifanyi kazi yoyote.

Tulilinyanyua tela kwa jeki na magogo mpaka bamba la chini likakosa mkazo kabisa. Kibati kikakatwa na kusagwa. Nyufa zote mbili zikasagwa kwa grainda mpaka dawa nyekundu haionyeshi kitu, chuma kikapashwa moto kidogo, kikajazwa kwa fimbo za kuchomelea za aina ya 7018 zilizokaushwa, upande wa nyuma ukachimbwa na kujazwa tena, kisha weldi ikasagwa ikawa sawa na bamba, mikwaruzo ya grainda ikielekea urefu wa mhimili na sio kuukata. Bamba la kuongeza nguvu likawekwa likiwa limechongoka ncha zote mbili na weldi imepita pembeni tu kwa urefu. Fundi aliyetaka kiraka ndiye aliyefanya kazi hiyo na aliifanya kwa mkono mzuri sana. Kazi ilichukua siku tano, mzigo ule ulichukuliwa na mtu mwingine, na mzee alipoteza hela ya safari hiyo yote.

Miezi 16 imepita. Kila safari ya tatu eneo lile linakwanguliwa na kupulizwa dawa. Hakuna ufa uliorudi.

Nilipokosea na kilichotuokoa

Nimeipasua ile tofauti kati ya 156 na 14 kuona kila kosa limechangia kiasi gani. Urefu wa ufa wa mwanzo, 12 badala ya 19, peke yake ulizidisha maisha mara 1.6. C ya chuma kitupu badala ya cha weldi, mara 2.4. Kufuta mitetemo midogo, mara 2.95. Ukizidisha zote unapata 11, na 156 kugawa kwa 11 ni 14. Hakuna kosa hata moja ambalo peke yake lingetisha, yamezidishana. Ndiyo maana ule usalama wa kugawa kwa 3 haukutosha, nilikuwa nimeuweka kwa mazoea bila kujiuliza unafunika nini.

Kinachoniuma zaidi ni kizingiti, kwa sababu hata kwa namba yangu mwenyewe ya 6 nilikuwa nimekosea. Mitetemo ya MPa 25 inafika ΔK ya 6 ufa ukiwa mm 14.6. Mimi nilikuwa nahesabu ufa unaotoka 12 kwenda 60! Nilikiangalia kizingiti mara moja mwanzoni, nikafuta, na sikurudi kuangalia tena wakati ufa wenyewe kwenye karatasi yangu ulikuwa unakua. Siku hizi napiga hesabu kwa vipande, kila mm moja naangalia upya makundi yote ya mizunguko, nani ameingia.

Ufa wa mwanzo nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukibadilisha mm 60 ya mwisho iwe 80, hesabu ya kwanza inaongezeka kama asilimia 11 tu. Ukibadilisha 12 iwe 19 inapungua asilimia 37. Muda mwingi wa ufa unatumika ukiwa mdogo, kwa hiyo shilingi yako ya kwanza nunua dawa ya kupenya na brashi ya waya, kompyuta baadaye. Kopo la dawa lilikuwa umbali wa nauli ya bajaji.

Kilichofanya kazi ni nukta ya senta panchi na kijana mwenye simu. Hesabu ya kwanza ilitoa utabiri unaoweza kupimwa, mm 0.085 kwa safari, na kipimo kikaukataa ndani ya mwezi mmoja na nusu. Kama ningemwambia tu mzee "linavuka" bila kuacha alama kwenye chuma, tungeendelea mpaka ufa uamue wenyewe. Tangu hapo sitoi idadi ya safari bila kutoa na kiasi cha ufa kutembea kwa safari moja, na jina la mtu atakayepima. Utingo sasa ana daftari lake, tarehe, mzigo, milimita, na mzee anamlipa kitu kidogo kwa kila picha.

Dumu la maji lipo palepale usawa wa zamani, ila kibati chake kimefungwa kwenye bamba la kusimama, nusu ya kimo, ambapo mkazo wa kupinda unakaribia sifuri. Juzi mzee ameomba dumu la pili upande wa kulia. Nimemchorea fundi kwa chaki mahali pa kutoboa: boliti mbili za M10, nusu ya kimo, hakuna weldi.